Vidole Viwili vya Mzee Elmi

Kabiru hapimi gari kwa futi. Futi anayo, iko kwenye mfuko wa ovaroli pamoja na bisibisi na mabaki ya njugu, lakini ukimpelekea gari lililoinama upande mmoja atachuchumaa mbele ya gurudumu, aingize vidole kati ya tairi na madigadi, kisha akuambie, "Huku vinne, huku vitatu. Springi imechoka." Ukimuuliza vidole vya nani, atakutazama kana kwamba umemuuliza jua linachomoza wapi. Vyake, bila shaka. Vimepima magari ya nusu ya mji wa Isiolo na havijawahi kumwangusha, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo inayomkosesha raha mpaka leo. Tena tuseme ukweli, siku hiyo vidole havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mwenye vidole.

Alizaliwa hapa hapa. Baba yake, Kuria, aliletwa Isiolo na serikali kuhesabu mifugo, akakaa akingoja kuhamishwa, akazeeka akingoja. Kwa hiyo Kabiru ni Mkikuyu ambaye Nyeri anaijua kwa mazishi tu. Anasalimia kwa Kiborana, anabishana kwa Kimeru, na akijigonga na nyundo ndipo anaporudi kwenye Kikuyu cha mama yake. Gereji yake ni kiwanja cha kukodi katika mtaa wa Bulapesa: paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya magari, na kibanda cha chai cha Gaceri kando ya lango. Riziki yake inatoka kwa pikipiki na Probox.

Mapenzi yake yalikuwa kwingine. Ujanani alifundishwa kazi Nanyuki na mzee aliyeshughulika na Voksi peke yake, yale magari ya zamani ya mgongo wa duara, injini nyuma, hayana rejeta, yanapozwa na upepo. Aliporudi na ujuzi wake wote, akakuta mji mzima umebakiwa na Voksi moja inayotembea, nayo ilikuwa ya Mzee Elmi wa mtaa wa Kulamawe.

Elmi ni Msomali wa zile familia za Isiolo zilizotokana na askari wa Mwingereza. Aliendesha malori ya Moyale mpaka mgongo ukakataa, akastaafu na ulimi mkali na gari hilo moja, rangi ya maziwa yaliyochacha. Watu wa mji waliliita Kobe. Mwenyewe alikasirika kila aliposikia jina hilo. "Kobe gani? Hii ni Ngamia," alikuwa akisema. "Umewahi kuiona ikiomba maji?" Akifika gereji alipiga honi mara nyingi mno, Gaceri akamwaga chai, na kelele yake ya Kisomali, "Waryaa, Kabiru!", ikafika hata ng'ambo ya barabara. Kabiru aliacha chochote alichokuwa ameshika.

Siku moja Elmi alikuja na malalamiko. Kila mwezi alimpeleka mkewe, Raho, kule kijijini Kinna kumwona dada yake Fahmo, ambaye ana shamba la vitunguu. Njia ilikuwa imeharibika na gari lilikuwa likikwangua tumbo kwenye mawe.

"Pandisha mbele," alisema. "Na nyuma ifuate, isikae kama mbwa ameketi."

"Kiasi gani, mzee?"

Elmi akanyoosha vidole viwili juu, cha shahada na cha kati, kama mtu anayeagiza vikombe viwili vya chai. "Vidole viwili. Kidogo tu. Zaidi ya hapo Raho atashindwa kushuka."

Hapo inafaa tumjue Raho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na kila akiambiwa habari ya kupasuliwa alisema alichobakisha kuona ni uso wa Elmi, nao anaukumbuka vizuri kuliko ulivyo. Ndani ya nyumba yake alitembea bila kugusa ukuta. Na lile gari alilijua kwa mguu. Alifungua mlango, akateremsha mguu wa kushoto, ardhi ikawa pale pale ilipokuwa tangu watoto wake wakiwa wadogo. Hakutaka kushikwa mkono. Kabiru alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi, na alilipenda.

Sasa, mbele ya Voksi hakuna springi za kuzunguka kama za magari mengine. Kuna mabomba mawili ya chuma yaliyopita kutoka gurudumu hadi gurudumu, moja juu ya jingine, na ndani yake vyuma virefu vyembamba vilivyobanwa katikati. Gurudumu likipanda jiwe, vile vyuma vinajipinda kama nguo inayokamuliwa, kisha vinajirudi. Ukitaka kulipandisha gari unakata mabomba katikati, unaigeuza kidogo ile sehemu inayobana vyuma, unachomelea tena. Na ukitaka uwe na uhuru wa kupandisha na kushusha, unaweka pale katikati kifaa chenye meno, ambacho mafundi wanakiita ajasta. Unalegeza bolti, unasogeza jino moja, unakaza.

Kabiru aliichonga ajasta yake mwenyewe kutoka kwenye gia kuukuu ya lori. Alichomelea polepole, akipumzisha chuma kisije kikapinda kwa moto. Aliweka shokapu ndefu zaidi, akautazama usukani kama hauvuti upande. Ilikuwa kazi safi na hakuna atakayemnyima sifa hiyo. Kisha akalishusha gari kutoka kwenye jeki, akachuchumaa, akalaza vidole viwili juu ya tairi. Vikaenea sawasawa. Kazi ilikuwa imekwisha.

Angekunja vitambaa vyake hapo, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini alirudi nyuma hatua chache kulitazama gari, na roho ikamshuka. Lilikuwa limepanda, ndiyo, lakini nani angejua? Miaka yote ya kubadilisha minyororo ya pikipiki, halafu kazi moja ya kifundi imjie mkononi na isionekane! Akalipandisha tena kwenye jeki. Akasogeza jino. Akatazama. Akasogeza jingine, na nyuma akaifuatisha. Aliposhusha jeki mara hii, Kobe alikuwa amesimama kifua mbele, magurudumu yote nje, kama gari linalotaka kuondoka bila dereva. Kabiru akaingiza vidole vyake kati ya tairi na madigadi. Viwili vya kulaza havikutosha kuijaza nafasi. Akavisimamisha wima, na vikaingia vyote, mpaka kwenye kifundo.

"Hivi pia ni vidole viwili," alijiambia.

Gaceri alikuwa amekuja kuchukua kikombe chake. Alilizunguka gari mara moja. "Na ule mama atashuka aje?"

"Atazoea."

Mchana wote huo Kabiru aliliosha gari ambalo tayari lilikuwa safi, kando ya barabara, mahali linapoonekana. Vijana wa bodaboda walisimama kulipiga picha. "Fundi, hii Kobe imeamka mbaya," mmoja alisema, na Kabiru akajifanya hakusikia ili aambiwe tena. Elmi alipokuja alilitazama, kichwa upande. "Si imepanda sana?" aliuliza. Kabiru akajibu bila kumtazama, "Ni vidole viwili, mzee. Vile ulisema."

Kesho yake wakaenda Kinna. Kupanda, Elmi alimsaidia mkewe, naye akacheka. "Ngamia hupiga magoti ndio mtu apande. Hii yako imesahau." Kule Kinna watoto wa Fahmo walimteremsha na kumpandisha kama sultani. Njiani tumbo la gari halikugusa hata kokoto, na Elmi alimpigia Kabiru simu kumsifu, akipiga kelele kana kwamba simu haina kazi. Walipofika nyumbani Kulamawe, Elmi alitoka kwenda kufungua geti. Raho, aliyekuwa amechoka na aliyekuwa nyumbani kwake, alifungua mlango kama alivyofanya siku zote, akateremsha mguu wa kushoto. Ardhi haikuwapo. Mguu ukaitafuta, mwili ukaufuata mguu, na Elmi akasikia kishindo akiwa amelipa gari mgongo. Nyonga ilivunjika.

Kabiru alikwenda hospitali jioni hiyo hiyo. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri: nilijua ulichotaka, mzee, nikazidisha kwa kiburi changu. Alimkuta Elmi kwenye benchi la koridoni, bila kofia, mkono wa kulia umefunguka juu ya goti kama kitu alichookota. Mzee akainua macho.

"Ni mimi," Elmi alisema. "Nilikuonyesha vidole hivi." Akavinyoosha viwili, wima. "Ningevilaza ungejua. Nilivisimamisha, na wewe ukafuata vile uliona. Si ni hivyo?"

Kabiru alifungua kinywa. Maneno aliyoyapanga yalikuwapo, yote, kwa mpangilio wake. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Alitikisa kichwa tu, mara moja, kisha akasema "pole, mzee" na kuketi kando yake mpaka walipofukuzwa. Lakini mtu anaweza kusema uongo mkubwa kwa shingo peke yake. Yale meno ya ajasta, kuna siku aliweza kujisamehe. Fundi gani hajawahi kuzidisha? Kule kutikisa kichwa hakuweza kujisamehe. Alikwenda nyumbani akala vizuri, na hilo nalo likamwudhi.

Miezi ikapita. Raho alitoka hospitali na fimbo, akatembea tena, lakini garini alikataa katakata kuingia. Fahmo alikuwa akituma vitunguu kwa watu wanaokuja mjini, na Raho alikuwa akivinusa kabla ya kuvipika. Kabiru alipeleka matunda kila wiki. Kila alipofika walimshukuru. Elmi aliwaambia wageni, mbele yake, "Huyu hana kosa, ni huu mkono wangu," na Kabiru alitazama chini, na wageni wakamwona mtu mnyenyekevu. Hata Mugure, mke wake, hakumwambia. Gaceri hakuwahi kulitaja tena lile swali lake, na kwa Kabiru ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Siku hizo Kabiru hata chai aliinywa akiangalia upande mwingine.

Kisha Elmi akaleta gari gereji. Hakupiga honi.

"Rudisha chini vile ilikuwa," alisema. "Labda ataingia. Dada yake ni mgonjwa, anataka kumwona." Alitaka kuondoka, akasita. "Waryaa, nikuulize. Wewe si wa dini yetu, lakini utanielewa. Kwa sala, tukikaa, tunainua hii." Alikionyesha kidole cha shahada. "Siku hizi nikiinua, namwona Raho chini pale kwa geti. Nasahau mahali nimefika. Naanza tena. Kidole cha kumtaja Mungu, na mimi nakiogopa."

Aibu haikuwa neno la kutosha. Alikuwa amemwachia mzee huyu mzigo wake, na mzee alikuwa ameubeba hadi kwenye mswala.

"Mlete Mama," alisema. "Nitashusha na yeye akiwa ndani. Mguu wake ndio unajua ilikuwa wapi. Mimi sipimi tena na vidole."

Ilibidi Elmi abembeleze siku nzima. Kesho yake alasiri Raho alifika kwa tuktuk, akalalamika juu ya tuktuk, kisha akasaidiwa kuketi kwenye kile kiti chake cha mbele, mlango wazi, fimbo magotini, kikombe cha chai ya Gaceri mkononi. Kabiru akaliegemeza gari kwenye jeki, akaingia chini. Akalegeza bolti, akarudisha jino, akakaza, akashusha jeki. "Haya, Mama. Teremsha mguu."

Kutoka pale chini alichoona ni mguu tu. Ulikuja polepole, ndala ya bluu, kucha zimepakwa hina, ukasimama hewani, ukitetemeka. Viatu vya Elmi vilikuwa kando yake, karibu sana, tayari.

"Bado," Raho alisema, na mguu ukarudi ndani.

Akapandisha, akalegeza, akarudisha jino jingine. Nyuma nayo akaishusha. Mguu ukaja tena, ukatetemeka tena pale pale. Kabiru aliutazama ule mguu uliokuwa ukishuka bila woga wowote maisha yake yote, na akajua kwamba akitoka chini ya gari hili kabla ya kusema, hatasema tena.

"Mzee Elmi," aliita.

"Eeh?"

"Wewe hukukosea. Ulisema kidogo, ulisema ni kwa sababu ya Mama. Nilijua unamaanisha vidole vya kulaza. Nilipima, vikatosha, kazi ikaisha. Halafu nikaongeza. Nilitaka watu waone kazi yangu." Sauti yake ilikuwa ikigonga chuma na kumrudia usoni. "Na hospitali ukiniuliza nikaitikia na kichwa. Nilijua, mzee. Tangu siku ya kwanza nilijua."

Kule barabarani lori lilibadilisha gia. Viatu vya Elmi vilisimama pale kwa muda, ncha zikimwelekea Kabiru, kisha vikageuka vikaondoka.

Kabiru alilala pale, mafuta yakimdondokea shingoni, hakuyafuta. Alidhani angehisi mwepesi. Hakuhisi hivyo hata kidogo.

"Fundi," Raho alisema kutoka juu. Hakumwita mwanangu, kama alivyozoea. "Maliza kazi. Bado haijafika."

Akamaliza. Jino la mwisho likaingia mahali pake, jeki ikashuka, gari likatulia. Mguu ukaja. Ndala ikagusa vumbi, ikabonyeza, ikabonyeza tena. Raho akabaki hivyo, mguu mmoja ardhini.

"Hapa," alisema. "Sasa imepiga magoti."

Alipotoka chini, Kabiru alimwona Elmi kwenye mkeka, kando ya ukuta, akiswali alasiri. Alisimama mbali, spana mkononi, asijue pa kuiweka. Mzee aliketi. Kidole cha shahada kikainuka juu ya goti, kikabaki kimeinuka, bila kuyumba, mpaka sala ikaisha. Gaceri alikuwa mlangoni pa kibanda chake na aliona pia. Aliifuta meza ambayo haikuwa chafu.

Elmi alikuja akikunja mkeka. Hakuwa amekasirika jinsi Kabiru alivyotarajia, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

"Ungesema ile siku kwa benchi," alisema, "ningekutukana, halafu ningekusamehe kabla ya magharibi. Unanijua. Sasa umeniacha miezi hii yote nikiomba msamaha wa kitu sikufanya." Aliweka vidole viwili, vimelala, juu ya mkono wa Kabiru. "Hivi."

"Hivi, mzee."

"Siwezi kusema nimekusamehe leo. Nitakuwa nadanganya, na wewe umeona vile kudanganya kunakaa. Ngoja, fundi. Mimi nilingoja."

Raho aliongea kutoka garini. "Kesho kutwa tunaenda Kinna. Tukirudi, huyu awe kwa geti yetu. Asinishike. Asimame tu pale nilianguka."

Waliondoka. Honi haikupigwa.

Siku ya kurudi kwao Kabiru alifunga gereji mapema na kusimama Kulamawe, mbele ya geti la buluu, mpaka watu wa mtaa wakaanza kumuuliza kama anangoja deni. Gari lilikuja taratibu, likiwa chini, likiwa la kawaida, gari ambalo hakuna kijana angelipiga picha. Elmi alitoka, akampita bila salamu, akaenda kufungua geti.

Mlango wa kushoto ukafunguka. Mguu ukatoka, ukasimama hewani. Kabiru alitaka kusema "iko hapo, Mama, karibu tu," lakini hakuwa na haki ya kumwelekeza mtu ardhi ilipo, kwa hiyo alifunga mikono nyuma na kungoja. Mguu ukashuka. Ukaikuta. Wa pili ukafuata, na fimbo, na Raho akasimama wima mbele ya nyumba yake, akinuka vitunguu vya dada yake.

"Uko hapo?" aliuliza.

"Niko, Mama."

"Haya." Akaanza kutembea kuelekea ndani, bila kugusa geti.

Elmi aliingiza gari, akazima injini, akakaa kidogo akisikiliza chuma kikipoa. Alipotoka alimfuata mkewe, na alipofika mlangoni pa nyumba akasimama. Hakugeuka.

"Waryaa," alisema, "funga hiyo geti."

Hakusema amesamehe, na Kabiru hakuuliza. Alilifunga geti kwa mikono yote miwili, taratibu, akahakikisha komeo limeingia.